Maji kupwa Oysterbay au msitu wa Pugu: nusu siku yako ya kutulia uitumie wapi?

Mtu amechoka na foleni, simu haimpi nafasi hata ya kumaliza chai, hana hela wala likizo ya kumfikisha Serengeti, ila anatamani akae mahali atazame kitu ambacho binadamu hakukitengeneza. Akiuliza aende wapi, jibu la kwanza atakalopewa ni Mikumi. Sina ugomvi na Mikumi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1964, na tangu treni ya SGR ianze kupakia abiria wa Morogoro Juni 2024, safari ya upande ule imekuwa nyepesi. Lakini kule utakuwa ndani ya gari, dereva anakimbilia alikosikia kuna simba, na akilini unahesabu saa ya kutoka getini. Kwa mtu anayetaka kupunguza mwendo, hiyo ni foleni nyingine, tofauti ni kwamba ina tembo.

Dar yenyewe na viunga vyake vina sehemu nzuri zaidi kwa kazi hiyo. Mbili nitazilinganisha kwa kirefu: ufukwe wa mawe wa Oysterbay bahari inapopwa, na msitu wa Pugu. Kisiwa cha Mbudya na Bustani ya Mimea ya katikati ya mji nitavigusa tu. Kipimo changu ni kimoja, nacho ni kuuliza nani mwenye ratiba. Mahali panapokubali kufuata saa yako, utafika, utapiga picha, utaondoka. Mahali penye saa yake, iwe ya maji, ya jua kuzama au ya mnyama anayetoka akitaka mwenyewe, patakusubirisha upende usipende, na kule kusubiri ndiko ulikokufuata.

Oysterbay: saa iko mikononi mwa mwezi

Coco Beach, ndio ufukwe wenyewe wa Oysterbay, wengi wanaijua ya Jumapili jioni: mihogo ya kukaanga, madafu, spika zinashindana, gari halina pa kuegeshwa. Nayo ina raha yake. Ninayoizungumzia mimi ni Coco ya asubuhi katikati ya wiki, siku za bamvua, bahari imerudi nyuma na kuacha wazi mawe, madimbwi na majani ya bahari ambayo kwa kawaida huwa yamefunikwa.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Wakati huo jua, dunia na mwezi huwa karibu kwenye mstari mmoja, mvuto wa jua na wa mwezi unasaidiana, na maji hupanda sana na kushuka sana. Hapa Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, na tofauti haifiki hata nusu ya hapo. Ukienda siku hizo utakuta bahari imesogea kidogo tu, utarudi ukisema nilikudanganya.

Kuna jambo wavuvi wanalijua tangu utotoni na sisi wa ofisini hatujui: kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa zilezile, mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha tena usiku. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo huhitaji programu ya simu. Ukiona mwezi mpevu unachomoza leo jioni, kesho au keshokutwa asubuhi ndiyo zamu yako. Fika saa tatu, maji yakiwa bado yanatoka, uyafuate nyuma polepole.

Sasa tafuta dimbwi moja, la ukubwa wa karai linatosha, uchuchumae. Usitembeetembee kuhesabu madimbwi. Dakika chache za kwanza ni maji na mchanga tu, kwa sababu kivuli chako kimewatisha wenyeji wote. Kisha konokono mmoja anaanza kutembea kwa kasi isiyo ya konokono. Ukitazama vizuri ni kaa, amehamia kwenye ganda la konokono aliyekufa, na siku atakapokua litambana atafute jingine. Pembeni yake jongoo bahari amelala kama amekufa, kumbe yuko kazini: anameza mchanga, anachuja chakula kilichomo, anautoa ukiwa safi. Kiti cha pweza anasogea kwa mamia ya vijiguu vidogo vilivyo chini ya mikono yake, vinavyoendeshwa kwa msukumo wa maji ya bahari yanayopita mwilini mwake. Huwezi kumwona akienda. Utazame kitu kingine, umrudie, utakuta hayupo pale ulipomwacha.

Ukibahatika, yupo pweza. Mioyo mitatu, damu ya bluu, na ngozi inayobadilika rangi kabla hujamaliza kumwonyesha mwenzako. Wanaomtafuta kwa kijiti hawahangaiki kumwona mwenyewe. Wanatafuta tundu lenye vipande vya magamba ya kaa na chaza mlangoni, maana pweza akishakula hutupa mabaki nje. Ukimkuta mzee au mama wa kazi hiyo, toa shikamoo yako kwanza, kaa naye kidogo, ndipo uulize. Nusu saa karibu na mtu anayejua kusoma mawe inazidi asubuhi nzima ya kubahatisha peke yako.

Na hayo mawe yenyewe usiyapite. Lile jiwe gumu lenye ncha, linalochana ndala, ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na hapo unaposimama palikuwa chini ya maji, pana samaki. Kwenye mawe mengi bado unaona michoro ya matumbawe, duara na mistari, kana kwamba yamekufa juzi. Sehemu kubwa ya rasi ya Msasani, na majumba yake ya bei tusizozitaja hapa, imekaa juu ya jiwe la aina hiyo.

Kuanzia Septemba hadi Aprili ongeza ndege. Vitwitwi wanaokimbia mbele ya wimbi na sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda ni wageni. Baadhi yao huzaliana kaskazini kabisa ya dunia, hadi Siberia, kisha wanaruka maelfu ya kilomita kuja kuchokoa matope yetu. Kwa hao, sehemu nzuri zaidi ni Salenda, mto Msimbazi unapoingia baharini, kwenye mikoko. Nenda na pua iliyojiandaa. Msimbazi umebeba mengi kabla ya kufika pale.

Kasoro zipo. Plastiki utaikuta, na baada ya mvua kubwa utaikuta nyingi. Hakuna kivuli, na saa nne hadi saa sita ndiyo saa ya jua kupiga, hasa Desemba hadi Machi. Vaa viatu unavyoweza kuvilowesha, maana kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi na hawasamehi. Nenda na mwenzako, simu ikae ndani ya mfuko. Tena usisahau maji yanavyorudi. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda kidogo, unajiona una muda; saa ya tatu na ya nne ndizo yanazokimbia, karibu nusu ya mita zote zinapanda katika saa hizo mbili. Aliye mbali kwenye mwamba aanze kurudi maji yanapogeuka, asisubiri yamfikie magotini.

Gharama: nauli. Hakuna kiingilio cha kuchuchumaa.

Pugu: mwanzoni hutaona kitu

Pugu iko upande wa pili wa jiji kwa kila hali. Unashika Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, unaendelea hadi vilimani kuelekea Kisarawe. Kwa daladala unafika, kipande cha mwisho ni bodaboda. Jina lake rasmi sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna kiingilio, kuna waongozaji, kuna njia za kutembea na sehemu za kupiga hema. Wazee wa mjini watakwambia Pugu ni shule, ile ya Mtakatifu Fransisko ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kuingia kwenye siasa moja kwa moja. Msitu umekuwepo kabla ya vyote hivyo, na kwa shida sana bado upo, maana Dar inapika kwa mkaa na mkaa unatoka kwenye miti.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba Msimbazi, ule wa Jangwani, wa mafuriko na mabasi ya mwendokasi kusimama, unaanzia kwenye vilima hivi. Ukiwa Pugu na ukiwa Salenda uko kwenye ncha mbili za mto mmoja.

Sasa onyo: msitu huu unakatisha tamaa mwanzoni. Ufukweni kitu kinasogea muda wote, hata wimbi tu. Pugu unaingia, miguu yako inavunja majani makavu, mnapiga soga, na kila kiumbe chenye masikio kinanyamaza. Utatembea saa nzima kwenye miti na vumbi, kisha utauliza wanyama wako wapi. Dawa yake ni moja na haipendwi: keti. Chagua gogo, likague kwanza kama halina siafu (hilo nalisisitiza kwa moyo wote), ukae kimya dakika ishirini bila kufungua simu. Baada ya hapo msitu unaanza tena kana kwamba wewe hupo. Kima wanapita juu wakiangusha matunda. Majani ya chini yanachakurwa, na ukitulia kabisa unaweza kumwona sange, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba, akipekua wadudu.

Mara nyingi hata hivyo utasikia zaidi ya utakavyoona. Hondohondo akilia kwa mbali, asiyemjua anaweza kudhani mtoto mchanga ameachwa porini. Maisha yake ya ndoa ndiyo kiboko. Wakati wa kutaga, jike huingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo hadi unabaki ufa mwembamba, na dume anamlisha kupitia ufa huo wiki nyingi, yeye na makinda. Dume akipatwa na baya njiani, familia nzima iko mashakani. Sijui ndoa nyingine yenye kuaminiana kiasi hicho.

Kisha kuna viumbe ambao thamani yao haionekani kwa macho. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki imebaki vipande vipande, na kila kipande kina vyake. Upo mmea ambao wanasayansi waliuita Baphia puguensis kwa jina la hapa hapa. Yupo komba wa Rondo, aliyepewa jina la nyanda za Rondo kule Lindi, mdogo kuliko komba wote, ana gramu 60 tu hivi, anaishi Tanzania peke yake kwenye vipande vichache vya msitu, kimojawapo hiki. Hutoka usiku, kwa hiyo wa mchana humpati. Wa hema anaweza kumsikia. Kujua kwamba saa moja au mbili kutoka Kariakoo kuna mnyama ambaye Kenya hayupo, Brazili hayupo, popote hayupo, kunabadilisha namna unavyotazama miti ambayo hukujali.

Kilele cha Pugu ni jioni. Kuna mapango yaliyobaki kutokana na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini, ule unaotengenezewa vyombo vya kauri, na ndani yake wamehamia popo kwa wingi usiohesabika kwa macho. Jua linapozama wanatoka. Dar iko karibu na ikweta, kwa hiyo muda wa kuzama haubadiliki sana: kati ya saa 12 na robo mwezi wa sita na karibu saa 1 kasoro dakika kumi mwanzoni mwa mwaka. Anza kusubiri nusu saa kabla. Wanaanza mmoja mmoja, unadhani ndio hao tu. Kisha wanakuja kwa mkumbo, upepo wa mabawa unausikia usoni, na hakuna anayekugusa. Wanaokula wadudu wanaongozwa na mwangwi wa sauti zao, kali kupita uwezo wa sikio letu. Wewe kwao ni nguzo tu ya kukwepa. Usimulike tochi mdomoni mwa pango, na usiingie ndani bila mwongozaji. Hewa ya mle ni nzito, na popo hawajazoea wageni.

Kasoro za Pugu: mbu, kupe, suruali ndefu kwenye joto, na kurudi usiku. Usafiri wa kurudi upange kabla hujaingia, kwa sababu ukitoka pangoni gizani hutapata bodaboda aliyesimama anakusubiri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, msitu ni wa kijani kweli ila njia zinateleza. Kwa pesa, jumlisha nauli, kiingilio na mwongozaji. Si ghali, lakini si bure.

Mbudya na Bustani ya Mimea

Mbudya nimeisikia ikitajwa kila penye mazungumzo ya utulivu, na sikubaliani. Ni kisiwa kizuri. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na maji yake ni safi kuliko ya upande wa mjini. Lakini wikiendi boti za Kunduchi zinashusha watu mfululizo, samaki wa kuchoma wanaagizwa, na ratiba yote ni ya boti ya kurudi. Anayelala kisiwani ana hadithi tofauti: usiku hutoka kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, anayeweza kufika kilo 4 na kupasua nazi kwa makucha. Kama huna mpango wa kulala, Mbudya ni ya kuogelea na marafiki, na kwa hilo naipa alama zote.

Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa, ni ya mtu mwenye saa moja ya chakula cha mchana. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ina miti mikubwa, tausi wanaotembea kama wenye nyumba, na mnazi wa Shelisheli, ule ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani. Kunguru weusi watakusumbua; walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kula taka ndio mababu zao, na taka hazikwisha wala kunguru hawakuondoka. Bustani haikusubirishi chochote, ila inakupa kivuli na ukimya wa kiasi chake, hatua chache kutoka ofisini. Kwa mzazi au babu asiyeweza kutembea kwenye mawe, ndiyo chaguo pekee kati ya haya manne.

Kwa hiyo wewe uende wapi?

Kama hujawahi kukaa mahali nusu saa bila kufanya kitu, anza na Oysterbay. Bahari inampa mwanafunzi zawadi ndogondogo kila baada ya dakika chache, na maji yakianza kurudi yanakufukuza yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kujiuliza umekaa vya kutosha. Kwa mtu ambaye mkono unatafuta simu kila mara, dimbwi linamfaa kuliko gogo. Tena ukikosea siku, umepoteza nauli ya daladala tu. Pugu ukikosea umepoteza Jumamosi.

Pugu iwe ya pili, na iwe ya mtu aliye tayari kutopata kitu hadi jioni. Nenda wawili au watatu, zaidi ya hapo ni pikiniki. Kwa wapenzi naipendekeza kuliko mgahawa wowote wa Masaki, mradi wote wawili wanawavumilia popo. Kujua hilo mapema nalo lina faida yake. Ukiniuliza mimi binafsi ipi ni bora, nasema Pugu, kwa sababu ya pango. Ukiniuliza ipi utairudia mara nyingi zaidi kwa mwaka, ni Oysterbay, na nadhani kwa mkazi wa Dar swali la pili ndilo lenye uzito. Bamvua zinakuja kila mwezi, na kabla ya saa saba mchana umesharudi nyumbani.

Wenye watoto wadogo: ufukweni, bila mjadala. Ndoo iachwe nyumbani, kwa sababu kila kitakachoingia ndani yake kitakufa njiani kabla hamjafika Mwenge, na makombe matupu yabaki pale kwa wale kaa wanaotafuta nyumba. Mpe mtoto dimbwi lake mwenyewe, mwambie akuitie kila kinachosogea. Wa miaka sita ana subira ya jambo hili kukuzidi wewe, na huenda yeye ndiye atakayegoma kuondoka.